Fuata Kituo, Jina Litakuja: Kumtafuta Babu Aliyekuwa Mlinzi wa Pwani Nchini Ireland

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, na nyinyi vijana wetu mliozaliwa huku Ulaya,

Nimeombwa nizungumze juu ya utafiti wa nasaba, nami nimechagua kuzungumzia aina moja tu ya babu. Katika ukumbi huu wapo watoto wengi ambao upande mmoja wa ukoo wao unatoka Unguja, Mombasa, Tanga au Bujumbura, na upande wa pili unatoka Devon, Cornwall, Cork au Belfast. Upande wetu tunajua namna ya kuuliza: tunamwendea bibi, tunakaa mkekani, tunatajiwa majina kizazi baada ya kizazi, pamoja na nani alihama wapi na kwa sababu gani. Upande wa pili mara nyingi hakuna bibi wa kutaja, na kinachobaki ni sentensi moja inayopokezanwa bila maelezo. Nyumbani kwangu sentensi hiyo ilikuwa kwamba babu wa babu yake mume wangu alikuwa mlinzi wa pwani huko Ireland. Watoto walipouliza Ireland sehemu gani, hakuna aliyeweza kuwajibu, na nchi yenye ufuo wa zaidi ya kilomita 3,000 si mahali pa kutafutia mtu kwa kubahatisha.

Ninalotaka kulisema leo ni kwamba mtu wa kazi hiyo asitafutwe kwanza kwa jina lake. Atafutwe kwa kituo chake, kisha kituo cha pili, kisha cha tatu, na jina litajitokeza lenyewe likiwa limezungukwa na mke, watoto, majirani na tarehe. Ili niwashawishi kwamba njia hii ndiyo sahihi, ni lazima nianze na kazi yenyewe.

Kikosi cha walinzi wa pwani cha Uingereza kiliundwa mwaka 1822, pale makundi matatu yaliyokuwa yakipambana na magendo, yaani doria za mashua karibu na ufuo, merikebu za ushuru zilizokaa mbali baharini, na maofisa waliopita nchi kavu kwa farasi, yalipowekwa chini ya Bodi ya Forodha. Ireland wakati huo ilikuwa sehemu ya Ufalme wa Muungano, na doria za mashua zilikuwa zimekwisha kuanzishwa huko tangu 1819 na James Dombrain, ambaye baadaye aliwaongoza walinzi wa pwani wa Ireland yote akiwa Inspekta Jenerali mpaka mwaka 1849. Tumbaku na pombe kali ziliingizwa usiku kwa sababu ushuru wake ulikuwa mzito, na katika ghuba za kusini na magharibi wenyeji wengi hawakuona aibu yoyote kuzipakua. Mlinzi alipaswa kukesha juu ya majabali, kukagua mashua, kusaidia kusaka mitambo ya kupikia pombe ya siri, kulinda mali ya meli zilizovunjika na kuokoa watu waliokuwamo.

Serikali ilijua vizuri kwamba mtu anayepewa ulinzi wa kwao atawafumbia macho binamu na mashemeji zake. Ndiyo maana ikaweka utaratibu wa kumpeleka mlinzi mbali na mahali alipozaliwa, na kumhamisha tena baada ya miaka michache, kabla hajazoeana na wenyeji kiasi cha kula njama nao. Wengi waliopelekwa Ireland walikuwa Waingereza, hasa watu wa kaunti za kusini-magharibi ambako ubaharia ni kazi ya jadi, na Waairishi nao walipelekwa kaunti nyingine za nchi yao au wakavushwa kwenda Uingereza na Scotland. Watoto walizaliwa njiani, kila mmoja mahali pake, na ndiyo sababu kumbukumbu ya ukoo ilikatika: hapakuwa na kijiji kimoja cha kukikumbuka.

Lakini utaratibu huohuo uliokusudiwa kumfanya mlinzi awe mgeni daima ndio unaotusaidia sisi, kwa kuwa uhamisho ni amri, na amri huandikwa. Mkulima wa Kaunti ya Mayo aliyeishi maisha yake yote kwenye shamba lilelile anaweza kupita duniani bila kuacha mstari mmoja wa maandishi. Mlinzi wa pwani aliyeishi jirani naye aliandikwa alipoteuliwa, alipopangiwa kituo, alipopanda cheo, alipohamishwa na alipostaafu.

Hapa sina budi kusema jambo linalowavunja moyo wote wanaoanza utafiti wa Ireland. Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa mapigano ya mwanzo ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Nyaraka za Umma iliyokuwa ndani ya majengo ya Four Courts mjini Dublin ililipuka na kuungua. Zilizoteketea ni pamoja na sehemu kubwa ya sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851, na vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya zaidi ya nusu ya parokia za Kanisa la Ireland, ambalo ni la Kianglikana. Sensa za 1861 na 1871 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi mpya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo sensa ya kwanza iliyobaki kamili ni ya 1901, ikifuatiwa na ya 1911. Wataalamu wa Chuo cha Trinity, Dublin, pamoja na wenzao wamekuwa wakikusanya kwa njia ya kidijiti nakala za yaliyoungua zilizopatikana katika maktaba nyingine, na tangu 2022 zinasomeka mtandaoni, na kazi yao inastahili heshima kubwa, ingawa haiwezi kurudisha kila kitu.

Anayesikia habari hizi hudhani kwamba babu yake ameungua pamoja na vitabu hivyo. Kwa mlinzi wa pwani sivyo, kwa sababu mwajiri wake alikaa London na karatasi zake zilibaki London. Ziko Kew, katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, na fungu lenye alama ADM 175 ndilo la kuombwa kwanza. Humo mna orodha za uteuzi za mwaka 1819 hadi 1866, pamoja na vitabu vya ikama vya Ireland vya takriban kipindi hichohicho, vilivyopangwa kituo kwa kituo: kila kituo kina ukurasa wake, na ndani yake wanaume waliokitumikia, vyeo vyao, tarehe waliyofika, kituo walichotoka na kituo walichopelekwa. Akipatikana kwenye ukurasa mmoja, mstari wake unakuelekeza ukurasa wa nyuma na ukurasa wa mbele, na safari ya miaka ishirini inaweza kufuatwa kwa kufunua vitabu bila kukisia hata kidogo. Zingatieni kwamba anayeingia na jina peke yake hupotea haraka, kwa kuwa kina John na William wenye majina ya ukoo yanayofanana ni wengi mno, ilhali anayeingia na jina la kituo, hata kimoja tu, ana mlango.

Babu yetu alizaliwa Devon mwanzoni mwa miaka ya 1850, kwa hiyo alichelewa vitabu hivyo. Kwa watu wa rika lake mambo yalibadilika, na ni lazima nieleze mabadiliko hayo kwa kirefu kwa sababu ndipo watafiti wengi wanapokwama.

Baada ya Vita vya Crimea, sheria ya mwaka 1856 iliwaondoa walinzi wa pwani chini ya Forodha ikawaweka chini ya Admiralty, yaani makao makuu ya Jeshi la Majini. Magendo yalikuwa yamepungua, na serikali ilitaka akiba ya mabaharia waliofundishwa ambao wangeitwa melini vita vikizuka. Tangu hapo njia ya kawaida ya kuwa mlinzi wa pwani ilikuwa kutumikia kwanza kwenye meli za kivita kwa miaka kadhaa na kupata sifa ya mwenendo mzuri. Kwa sababu hiyo karatasi za utumishi wa babu wa kipindi hiki hazimo katika fungu la walinzi peke yao. Zimo katika madaftari ya mabaharia wote wa Jeshi la Majini. Walioingia kati ya 1853 na 1872 wamo katika fungu ADM 139, na waliofuata, pamoja na wengi waliokuwa bado kazini mwaka 1873, wamo katika ADM 188. Karatasi hizo hutaja tarehe na mahali pa kuzaliwa, kimo, rangi ya nywele na ya macho, na kovu au chale kama alikuwa nazo. Mume wangu aliposoma rangi ya macho ya babu yake alimwita binti yetu aje asome mwenyewe.

Tatizo liko katika safu ya meli. Chini ya Admiralty kila mlinzi wa nchi kavu aliandikwa katika daftari la meli kubwa ya ulinzi iliyotia nanga katika bandari kuu ya eneo lake. Mtu angeweza kukaa miaka mitano katika nyumba ya mawe juu ya jabali, akilima viazi na kufuga kuku, na karatasi yake ya utumishi ikasema kwamba muda wote huo alikuwa "ndani ya" meli ya kivita. Katika karatasi ya babu yetu, baada ya meli za ujana wake, zinafuata Valiant na kisha Belleisle, na anayezisoma bila kujua utaratibu huu atamtafuta baharini milele. Valiant ilikuwa meli ya ulinzi iliyokaa katika mlango wa mto Shannon, magharibi ya Ireland, katika miaka ya 1870 na ya 1880, na Belleisle ilikaa Kingstown, karibu na Dublin, tangu 1878 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1890. Majina mawili ya meli, kwa hiyo, yalitupa pande mbili za nchi na tarehe za kuhama upande mmoja kwenda wa pili. Vituo vyenyewe hayakuvitaja.

Kabla sijaendelea na vituo, naomba nisimame kidogo kwenye meli za ujana wake, kwa ajili yetu sisi tuliozaliwa Unguja na Pemba. Mojawapo ni HMS London, ile meli kuukuu iliyotia nanga bandarini Zanzibar katika miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880 ikiwa makao ya mashua zilizosaka majahazi ya watumwa baada ya mkataba wa 1873. Nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba mwezi Desemba 1881 alipolikaribia jahazi moja. Mabaharia wengi waliopita kwenye mashua za meli hiyo walirudi kwao na kuomba kazi ya ulinzi wa pwani, na ni jambo la kueleweka: walikuwa wamekwisha kuzoea doria za usiku, kukagua vyombo na kukaa katikati ya watu wasiowataka. Sikutarajia kuikuta bandari ya nyumbani katika karatasi za ukoo wa mume wangu. Nawasihi wenye karatasi kama hizi wasiziruke meli za mwanzo kwa haraka ya kufika Ireland, maana baadhi yao huenda mababu zao wa pande zote mbili walionana kwa macho.

Sasa, ikiwa vitabu vya vituo vimekwisha na karatasi ya utumishi inataja meli tu, vituo vinapatikana wapi? Vinapatikana kwa mke na watoto, na hii ndiyo sehemu ya utafiti ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inamrudisha mahali pake mwanamke ambaye Admiralty haikumwandika kabisa.

Usajili wa vizazi, vifo na ndoa zote ulianza Ireland tarehe 1 Januari 1864, na ndoa zisizo za Kikatoliki zilikuwa zimeanza kusajiliwa tangu Aprili 1845. Cheti cha kuzaliwa cha Ireland hutaja mahali mtoto alipozaliwa, jina na kazi ya baba, makazi yake, na jina la mama pamoja na ukoo wake wa kuzaliwa. Kwa mtoto wa mlinzi wa pwani, safu ya kazi husema kazi hiyo, na safu ya makazi mara nyingi hutaja kituo chenyewe. Picha za madaftari hayo serikali ya Ireland imeziweka wazi bila malipo: vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita miaka 75 na vifo vilivyopita miaka 50. Kwa hiyo mama anapojifungua mara sita katika miaka kumi na minne anakuwa ameandika, bila kukusudia, ramani ya kazi ya mumewe. Mtoto wa kwanza wa babu yetu alizaliwa Ballydavid, Kaunti ya Kerry, katika miaka ya Valiant. Mwingine alizaliwa Greystones, Kaunti ya Wicklow, katika miaka ya Belleisle. Wa mwisho alizaliwa Ballycotton, Kaunti ya Cork. Karatasi ya meli na vyeti vya watoto vinapowekwa pamoja kwenye meza moja vinathibitishana, na hapo ndipo mtu anaweza kusema kwa uhakika kwamba amempata babu yake na hajampata mtu mwingine wa jina hilo.

Kwa miaka ya kabla ya 1864 mtafiti hana budi kutegemea makanisa. Walinzi waliotoka Uingereza kwa kawaida walibatiza watoto katika Kanisa la Ireland, na baadhi yao kwa Wamethodisti. Vitabu vilivyonusurika vya Kanisa la Ireland vingi viko katika maktaba ya kanisa hilo mjini Dublin, na vingine bado viko parokiani. Msiziache parokia za Kikatoliki, hata kama ukoo wenu una hakika kwamba haujawahi kuwa wa Kikatoliki, kwa sababu wako walinzi walioposa mabinti wa wenyeji na wako Waairishi Wakatoliki katika kikosi chenyewe. Vitabu vya Kikatoliki mpaka karibu na 1880 Maktaba ya Taifa ya Ireland iliviweka wazi mwaka 2015. Tazameni pia wasimamizi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa. Familia za vituoni zilioana sana zenyewe kwa zenyewe, maana vijana wao walikulia katika safu moja ya nyumba na wenyeji waliwaona kuwa watu wa serikali, na shahidi wa ndoa aliyeandikwa Sligo huenda ni jirani wa zamani wa kituo cha Donegal.

Sensa ya 1901 ilifanywa usiku wa tarehe 31 Machi, na ya 1911 tarehe 2 Aprili, na zote mbili zinasomeka bure. Safu ya mahali pa kuzaliwa iliagiza kwamba aliyezaliwa Ireland ataje kaunti yake, na aliyezaliwa nje ataje nchi tu. Ukurasa wa familia yetu unasomeka hivi kutoka juu kwenda chini: baba, Uingereza, mama, Uingereza, halafu Kerry, Kerry, Wicklow, Wicklow, Cork. Kwa baba hautufai sana, kwa watoto ni hazina. Familia zilizorudi Uingereza mapema zaidi zitafutwe katika sensa za huko, ambako mtoto aliyezaliwa Ireland mara nyingi aliandikiwa jina la nchi peke yake, lakini karani mwangalifu aliongeza kaunti au hata kituo, na karani wa aina hiyo huokoa kazi ya mwezi mzima.

Kuhusu majina ya mahali nitasema kwa ufupi. Kingstown ya karatasi za zamani ni Dún Laoghaire ya leo, na Queenstown ni Cobh. Kituo kiliweza kuchukua jina la ghuba, la kijiji cha mbali kidogo, au la kitongoji kilichojengwa, na makarani waliandika majina ya Kiairishi kama walivyoyasikia. Dawa yake ni ramani za kipimo cha inchi sita kwa maili zilizochorwa Ireland kati ya 1829 na 1842, na zile kubwa zaidi za mwishoni mwa karne hiyo, ambazo huonyesha vituo kwa jina pamoja na nyumba ya mashua na njia ya kushukia majini. Uthamini wa ardhi wa Griffith, uliochapishwa kati ya 1847 na 1864, unasaidia kujua ardhi ya kituo ilikuwa ya nani, ingawa mara nyingi hautaji walinzi mmoja mmoja.

Ninyi mnaopata nafasi ya kufika kwenye vituo hivyo, fikeni. Vingi vilivyobaki vilijengwa na idara ya ujenzi wa serikali katika nusu ya pili ya karne ya 19, na kadhaa vilisanifiwa na Enoch Trevor Owen: safu ya nyumba ndogo zilizoshikana, nyumba ya ofisa mwishoni mwa safu, na mahali parefu pa kuangalilia bahari. Baadhi vina matundu ya kufyatulia bunduki ukutani. Matundu hayo yana historia yake. Februari 1867 wapiganaji wa Kifenia wa Kerry, waliotaka Ireland ijitawale, walikivamia kituo cha Kells na kuchukua silaha, na tangu hapo serikali ilijenga kwa hofu.

Jambo hili la hofu linanigusa, na naomba mniruhusu nilikae nalo. Wako watafiti wanaomwona babu yao kama shujaa wa bahari na basi, na wako wenyeji wanaomkumbuka kama mkono wa dola ya kigeni na basi. Nyaraka zinawapa wote wawili sehemu ya haki. Katika Njaa Kuu iliyoanza 1845, viazi vilipooza mashambani, walinzi wa pwani walikuwa miongoni mwa watumishi wachache wa serikali walioishi hasa kwenye fuo ambako watu walikufa kwa wingi. Taarifa zao kuhusu hali ya vijiji zilifika Dublin na London. Vyama vya hisani, vikiwamo vya Waquaker, dhehebu moja la Kikristo, viliwatumia kufikisha chakula. Dombrain mwenyewe, alipozunguka magharibi mwaka 1846, aliruhusu unga wa mahindi ugawiwe bure kwa wenye njaa, naye Charles Trevelyan wa Hazina akamkaripia kwa maandishi, akitaka msaada utolewe kwa kuuzwa au kwa michango ya matajiri wa mahali. Mimi niliyelelewa kwa unga huohuo nasema wazi kwamba Dombrain ndiye aliyekuwa sahihi.

Vivyo hivyo kwa uokoaji. Medali nyingi za miaka ya mwanzo za chama cha mashua za uokoaji kilichoundwa mwaka 1824 walipewa maofisa wa walinzi wa pwani. Tarehe 9 Februari 1861, katika tufani kali, Nahodha John McNeill Boyd wa meli ya ulinzi Ajax alizama Kingstown pamoja na mabaharia wake wakijaribu kuwafikia watu wa chombo kilichokuwa kikivunjika kwenye gati, na sanamu yake imo katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick mjini Dublin. Hata hivyo, bunduki za kituo zilikuwa za dola, na katika vita vya uhuru vituo kadhaa vilishambuliwa au kuchomwa moto. Vya Ballycrovane na Howes Strand, vyote vya Kaunti ya Cork, vilishambuliwa mwaka 1920, na kuna walinzi waliouawa katika mwaka huo. Baada ya kuundwa kwa Dola Huru ya Ireland mwaka 1922 kikosi kiliondolewa kusini, na mwaka 1923 serikali mpya ikaanzisha huduma yake ya uokoaji wa pwani. Mwenye babu aliyekuwa bado kazini wakati huo amtafute Ireland ya Kaskazini au Uingereza, na aombe kadi za utumishi za 1900 hadi 1923 zilizomo katika fungu lilelile la ADM 175.

Babu yetu alikuwa amekwisha kustaafu. Karatasi yake inafungwa kwa pensheni, na sensa ya Uingereza ya 1911 inamkuta Plymouth. Fomu za sensa hiyo zilijazwa na wenye nyumba wenyewe na zimehifadhiwa, kwa hiyo tunao mwandiko wake. Fomu iliuliza jambo ambalo sensa za nyuma Uingereza hazikuuliza: mke amezaa watoto wangapi waliozaliwa wakiwa hai, wangapi bado wanaishi, wangapi wamekufa. Aliandika saba, watano na wawili.

Watoto tuliowapata ni sita. Watano ndio wale wa ukurasa wa 1901, na wa sita alizaliwa na kufa Greystones. Wa saba hatumjui, na kati ya mtoto wa mwisho wa Kerry na wa kwanza wa Wicklow kuna pengo la zaidi ya miaka mitatu. Naamini katika pengo hilo kuna kituo kimoja ambacho hatujakifikia, na kwamba mtoto yule alizaliwa huko. Njia ya kumtafuta ni madaftari ya vifo ya wilaya za usajili zinazopakana na bahari, kwa miaka hiyo tu, moja baada ya nyingine, nikiangalia safu ya kazi, kwa sababu kifo cha mtoto mdogo huko Ireland kiliandikwa pamoja na kazi ya baba yake. Nimemaliza Kerry, Clare na Limerick, na sasa niko kwenye Galway. Yeyote miongoni mwenu anayetafuta katika madaftari ya Mayo, Sligo au Donegal na akakuta mtoto wa mlinzi wa pwani mwenye jina la ukoo nililoliandika kwenye karatasi pale mezani, namwomba aninakilie ukurasa huo, nami nitafanya vivyo hivyo kwa majina mtakayoniachia.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.